Simu za Kukunja: Bawaba Imekomaa, Kioo Bado
Simu za kukunja zimeimarika sana tangu mwaka 2019, Samsung ilipolazimika kuahirisha uzinduzi wa Galaxy Fold baada ya baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu kubandua utando wa juu wakidhani ni wa kutolewa, na vioo vikaharibika. Galaxy Z Fold3 ya mwaka 2021 tayari ilihimili maji. Bawaba nayo, kwa maoni yangu, si tatizo kubwa tena: mikunjo 200,000 ambayo Samsung ilisema simu hiyo inaweza kuhimili, kwa mtu anayefungua simu mara 100 kwa siku, ni zaidi ya miaka mitano.

Kinachonisikitisha ni kioo cha ndani, ambacho ni chembamba kuliko unywele na hufunikwa kwa plastiki laini inayoweza kuchubuliwa hata na ukucha. Punje ya mchanga ikibanwa kwenye mkunjo, inaweza kukiharibu kabisa. Hapo fundi, mara nyingi, hubadilisha kioo pamoja na fremu na bawaba yake, kazi ambayo gharama yake huweza kukaribia thamani ya simu hiyo ikiwa imekwisha kutumika. Mimi ningenunua simu ya kukunja endapo tu dhamana yake inajumuisha kioo hicho waziwazi.