Seti ya kupimia mwani: fremu ichukue, mizani iache

Seti hii ya kupimia mwani katika vina mbalimbali, inayoundwa na mafundi bomba Malindi, ina fremu ya plastiki, kamba ya kupimia kina na mizani ya kuning'iniza ya kilo 5. Kwenye maji ya magotini inafaa sana. Kadiri unavyoteremka, ndivyo inavyokudanganya.

Fremu ndiyo yenye thamani. Ni sentimita 50 kwa 50, hivyo uzito wa mwani uliokatwa ndani yake unazidishwa kwa 4 kupata mita ya mraba. Pima upande wa ndani kabla hujalipa: ikiwa ni 52, eneo limezidi kwa asilimia 8. Nyuzi zimeigawa vijumba 25, kila kimoja asilimia 4, nayo ni nafuu kubwa ndani ya hifadhi ya bahari, ambako bila kibali hukati kitu, unahesabu tu vijumba vilivyofunikwa. Tatizo ni kwamba pembe zimegandishwa, hewa imebaki ndani, na fremu inaelea. Toboa matundu mawili kila upande, au mwambie fundi aingize nondo ya milimita 8 kabla ya gundi.

Kamba ni ya nailoni, inanyumbuka ikilowa, na mafundo yako kila mita. Ni mbali mno, maana mwani wa kijani kama ulva unaweza kuipisha sagasamu, mwani wa kahawia, ndani ya hatua chache za mteremko. Afadhali bildi, yaani uzito wa madini ya risasi wa kupimia kina, na kamba isiyovutika, fundo kila nusu mita. Andika na saa: wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kina kisichosahihishwa kwa jedwali la maji kujaa na kupwa ni cha kutupwa. Tena usichanganye misimu. Kaskazi husukuma tope la mto Sabaki kuja Malindi, mwanga ukapungua chini.

Mizani, hapana. Alama zake ni za gramu 50. Sagasamu nzito ya mwambani itasomeka, lakini mwani mwekundu uliotawanyika kilindini unaweza usifikie hata alama moja. Utaandika sifuri na kudhani umekwisha, kumbe aina zipo, uzito tu ndio mdogo. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Suuza mchanga, chuja kila sampuli kwa muda ule ule, kisha kausha kwa nyuzijoto 60 za Selsiasi hadi uzito usishuke tena. Halimeda, aina ya mwani wa kijani, ipime peke yake: ina chokaa, na haikauki ikawa nyepesi kama wenzake.