Nililipa shilingi 1,000 jino lisiguswe, na ningelipa tena

Mwanangu wa kike ana miaka sita. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka kwa miezi kadhaa na hakuniambia. Alikuwa akitafunia upande mmoja tu, na usiku analala amekumbatia shavu. Alificha kwa sababu anakumbuka yaliyompata akiwa na miaka minne: kwenye kliniki moja, watu wawili walimshika mikono na miguu, mimi nikaambiwa nisubiri nje, jino likang'olewa huku anapiga mayowe. Tangu siku ile akiona koti jeupe, hata la muuza dawa, hujificha ndani ya buibui langu.

Nyumbani nasi tulikuwa tukimtonesha kidonda. Bibi yake akimkuta na pakiti ya mabuyu humwambia, "Haya, kula tu, utapelekwa kwa daktari ukadungwe sindano." Nami nimeyasema hayo hayo, si mara moja.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye kliniki ya meno ya watoto iliyoko Tudor, hapa Mombasa. Nilipopiga simu, dada aliyepokea aliuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa: alitibiwa nini zamani, kinachomtisha hasa ni sauti, sindano au kulazwa chali, na anapenda nini. Akatupangia saa tatu asubuhi, maana mtoto aliyekunywa chai yake na hajachoka huvumilia kuliko aliyetoka shule saa kumi. Akanisihi nisimwahidi kwamba hatasikia chochote, na neno sindano nimwachie daktari. Nimwambie tu anakwenda kuhesabiwa meno.

Na kweli siku ya kwanza alihesabiwa meno tu. Daktari alimpa kioo ajione, akampandisha na kumshusha kwenye kiti mpaka akazoea, kisha akahesabu kwa sauti. "Kumi na tisa. Mwenzao yuko wapi?" Mtoto akamsimulia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, mambo ambayo hata mimi sikuyajua, kwamba kuna aliyemziba mdomo. Daktari aliacha kazi akamsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mwanangu. Hapa hakuna atakayekushika."

Akamfundisha ishara: ukiinua mkono wa kushoto, naacha hapo hapo. Kila kifaa alikitaja, akamwonyesha, ndipo akakitumia. Ile brashi inayozunguka aliianzia kwenye ukucha wake kabla ya kuipeleka mdomoni. Mtoto aliinua mkono. Akaacha. Akauinua tena baada ya sekunde chache, na tena, bila sababu ninayoiona. Nilitaka kumkemea, daktari akanizuia kwa macho. Baadaye alinieleza kwamba wakati ule mtoto alikuwa akimpima kama ni mkweli, na kama yeye daktari angepuuza hata mara moja tu, ishara ile ingekuwa haina maana tena.

Tukatoka bila jino kuguswa. Kwenye tuktuk mume wangu alipiga simu kuuliza, "Elfu moja ya kuhesabu meno?" Nilimwelewa, lakini mtoto alikuwa akiimba.

Ziara ya pili ilikuwa kusafisha na kupaka dawa ya floraidi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Nilikuwa nimeuliza kwa nini gego la utoto lising'olewe tu, si litatoka lenyewe? Kumbe magego hayo hukaa mpaka miaka kumi au kumi na miwili, na ndiyo yanayolinda nafasi ya meno ya ukubwani. Likiondoka mapema, mengine husogea na kuziba njia.

Siku hiyo niliambiwa nikae miguuni pake, nimshike unyayo, ninyamaze. "Mama, leo asikie sauti moja tu." Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Daktari alipaka jeli ya ganzi kwenye ufizi, akangoja, kisha akamwambia kweli: "Utahisi nakufinya. Tuhesabu mpaka kumi." Alilia alipofika nne. Daktari hakumwambia nyamaza wala usiwe mtoto. Walimaliza kuhesabu, machozi yakitiririka, na mkono wa kushoto haukuinuka. Jino likazibwa. Siku hiyo nililipa 4,500.

Sasa yaliyoniudhi. Chumba cha kungojea kimepakana na cha watu wazima, na mashine ya kutobolea inasikika waziwazi. Ziara ya pili tulingoja karibu saa nzima katika sauti ile, kazi ya siku ya kwanza ikaanza kuharibika mbele ya macho yangu. Ziara ya tatu niliomba tungoje nje, barazani, tupigiwe simu zamu ikifika, wakakubali. Wangelisema wao kwanza. Pia onyo kuhusu ganzi nilipewa harakaharaka pale kwenye malipo. Mdomo hubaki umekufa kwa saa mbili tatu, na mtoto huutafuna bila kuhisi. Wangu alifanya hivyo njiani, na jioni mdomo ulikuwa umevimba. Mwangalie mtoto wako mpaka ganzi iishe, na asile kitu.

Kliniki hii haina ile gesi ya kutuliza inayovutwa puani, kwa hiyo mtoto anayeihitaji atalazimika kutafutiwa kwingine. Na kama uso umevimba au ana homa, usianze safari hii ya polepole. Mpeleke atibiwe siku hiyo hiyo.

Sisi tunarudi baada ya miezi sita. Magego yake ya kwanza ya ukubwani yameanza kuchomoza nyuma kabisa, na daktari anataka kuyaziba mifereji, ile mistari ya juu yanapotafunia, kabla hayajaoza. Bibi yake amesema atakuja naye. Tumekubaliana atakaa kimya.