Nyumba ya kulala wageni Mkomani, Lamu: nzuri sana ila hiyo sementi jamani

Nimelala siku nne kwenye nyumba ya zamani mtaa wa Mkomani, jina siliweki, na ntarudi inshallah. Wenyewe wasema ni ya miaka ya 1800 mwanzoni, enzi za ile ngome ya Lamu iloanzwa 1813 ikamalizwa 1821, na ukiziangalia kuta unakubali, unene wake mkono mzima hautoshi, mawe ya matumbawe na chokaa.

Ukitoka uchochoroni unapita daka (kibaraza cha mlangoni), unakata kona (hapo ndo mpita njia haoni ndani, wazee walijua kusitiri), unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani usio na paa, penye mwanga, afu misana (kumbi ndefu zinazotazama ua) na ndani (chumba cha nyuma kabisa). Rum zote ni ndefu nyembamba na watu wengi hulalamika oh rum ndogo, lakini sio ubahili, ni boriti za mikoko ndo zinaamua, mti wenyewe hauvuki sana mita 2.5 ama 3 basi chumba nacho kinaishia hapo. Ukuta wa mwisho umejaa zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, nimekaa nazo asubuhi nzima, kila kimoja kina nakshi za chokaa zilizochongwa kwa mkono na hakuna viwili vilivofanana kabisa. Saa nane mchana jua kali nje, mimi ndani sijawasha feni.

Sasa la kuuma. Rum niliyopewa mwanzo, ya chini, ukuta umepigwa plasta ya sementi na rangi ya mafuta juu. Ilikuwa inatoa unga mweupe wa chumvi, rangi imevimba kama malengelenge, nlipogusa ikaanguka kipande kizima kitandani, harufu ya unyevu usiku kucha. Ukuta wa matumbawe lazima upumue, maji yanapanda kutoka chini na chokaa inayaachia yatoke, sementi inayafungia humo humo na ukuta unaoza ndani kwa ndani. Nlimwambia mama mwenye nyumba, akanisikiliza vizuri, akasema fundi alimwambia sementi ni bei rahisi na haraka. Akanihamishia juu bila kuongeza pesa, huko ni chokaa tupu, nikalala kama mtoto.

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na mafundi wa chokaa bado wapo hapo hapo Lamu, mama tafadhali waite kabla ya mvua za masika.

Mahamri na mbaazi za asubuhi, kumi kwa kumi. Ombeni rum ya juu.