Nyama safi, moshi una chumba chake, pombe imeachiwa barabara nzima

Wadau habari za wikiendi. Hii ni rivyuu ya bar moja ya nyama choma huku Sinza, jina silitaji maana mwenye bar ni mtu wa watu na sitaki kesi, ila wakazi wa huku mtaijua tu kwa mbuzi wake.

Nianze na huyo mbuzi basi. Hana mpinzani aisee. Chumvi na ndimu tu, mkaa wa moto wa wastani, hawamwagii masosi ya ajabu ajabu, unaenda mwenyewe kwa mchomaji unaonyesha kipande unachotaka na kinawekwa kwenye mzani mbele ya macho yako, sio zile bar jamaa anapima kakupa mgongo afu unaletewa nusu kilo mifupa mitupu. Unasubiri kama dakika arobaini, ukiambiwa dakika kumi kataa, hiyo ni nyama ya jana inapashwa. Ndizi za kuchoma ziko poa, kachumbari ina pilipili mbuzi ya kweli, ugali wao mgumu mgumu hivi ila unalika. Bei ni zile zile za bar zote za huku. Vyoo visafi mpaka jua likizama, baada ya hapo unaingia umeziba pua.

Sasa sijakaa kuandika kwa ajili ya mbuzi. Mezani nilikuwa na wife, watoto, dada yangu ana pumu, na shemeji ambaye anavuta sigara ila pombe hagusi kabisa. Dada akamwambia shemeji nyie wavutaji mnatuua sisi tusiovuta, shemeji nae akajibu geuka nyuma uangalie ile meza, uniambie nani anaua hapa. Ubishi ukaanzia hapo na nyama ikapoa. Na kwa kweli hii bar ndo pa kuamulia ubishi huo, kwa sababu wametumia akili nyingi kwenye sigara na kwenye pombe hamna hata robo ya hiyo akili.

Tuanze na moshi. Wamejenga chumba cha vioo pembeni ya kaunta, kimeandikwa kabisa cha wavutaji, makochi mazuri, tivii kubwa ya mpira, AC. Bustanini huruhusiwi kuwasha, ukitoa fegi mhudumu anakuja na tabasamu anakuonyesha chumba. Hapo nawapa hongera, sheria ya tumbaku tunayo tangu 2003 na bar nyingi Dar hii ni kama haijawahi kutungwa. Ila tatizo ni mlango. Mlango wa kile chumba umeegeshwa na kreti tupu la bia ili wahudumu wapite na trei bila kuufungua kila saa, kwa hiyo moshi unatoka unapanda juu ya kaunta unatembea mpaka meza za ndani. Na hiyo AC wanayojisifia ni ya ukutani ya kawaida, haivuti hewa ya nje wala haitoi ya ndani, inapoza ile ile na kuirudisha, yaani mnavuta moshi wa baridi. Dada yangu alipita kwenda chooni tu akarudi anatafuta inhela kwenye mkoba.

Afu nikaongea na dada anayehudumia kile chumba. Anaingia mchana anatoka usiku wa manane, havuti, hajawahi kuvuta, anasema akifika home mtoto wake anamwambia mama unanuka sigara. Ana kikohozi ambacho anakiita cha vumbi. Mi nikakaa kimya, ningemwambia nini? Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani, na ule unaotoka kwenye ncha ya sigara inayojiunguza yenyewe kwenye kisosi haujapita hata kwenye kichungi. Mteja anaupata dakika mbili akipita, huyu dada anaupata zamu nzima. Na hajaomba kupangwa pale, kapangwa.

Haya, njoo kwenye pombe. Mi sio mlokole, bia mbili tatu napiga na siku hiyo nilipiga. Lakini hapa hakuna mtu anaambiwa imetosha. Ile meza aliyoonyesha shemeji walikuwa wababa wa heshima tu, mashati yamechomekewa, mchana walikuwa wanaongelea viwanja vya Bunju kwa adabu zote. Kufika saa kumi na mbili mmoja anamshika mhudumu kiuno, dada wa watu anacheka kwa woga maana bili haijalipwa, mwingine kaja mezani kwetu anataka kumbeba mwanangu wa miaka minne, anamuita mchumba, kambusu mashavuni na mdomo unanuka konyagi. Wife akamchukua mtoto. Jamaa akakasirika! Akasema tunajidai. Chupa ikadondoka, vigae vikajaa vipande, na watoto wanakimbia pekupeku kwenye yale mabembea. Meneja alikuwa kaunta anaona kila kitu, alichofanya ni kuongeza sauti ya mziki.

Kilichonimaliza ni parking. Mmoja wao anabonyeza rimoti anashangaa gari haiitiki, kumbe kasimama kwenye gari ya mtu mwingine. Mlinzi kampeleka kwenye gari yake taratibu, kamfungulia mlango, kamsaidia na mkanda, afu akasimama nyuma na tochi, rudi bosi, rudi, rudi, kata kulia, hapo hapo, nyoosha. Bosi kashusha kioo katoa buku mbili, kaingia barabara ya Shekilango bila kuwasha taa. Pale pembeni ya barabara kuna mama anakaanga chipsi na bodaboda wamejipanga wanasubiri abiria. Hakuna aliyeshangaa, ni huduma ya kila siku ile, inawezekana ndo huduma bora kuliko zote za hiyo bar.

Kuna watu watasema alikuwa amekula, na alikunywa supu kabla ya kuondoka. Jamani supu ya kongoro haitoi pombe mwilini. Wala kahawa, wala maji ya baridi, pombe inachakatwa na ini na ini lina spidi yake, kwa makadirio bia moja inataka saa nzima au zaidi, sasa mtu aliyemaliza kreti na wenzake unafikiri anakuwa sawa saa ngapi? Sheria yetu ya barabarani inaruhusu miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, na yule hata bila kipimo unajua kazipita zamani.

Sasa nani anaumiza wengine zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa sigara za watu wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta kila mwaka duniani. Kwa upande wa pombe ripoti yao ya 2024 inasema mwaka 2019 watu kama 298,000 walikufa kwenye ajali za barabarani zenye pombe ndani yake, na 156,000 kati ya hao aliyelewa hakuwa marehemu, ni mtu mwingine. Dada aliposikia hizo namba akapiga meza, nimeshinda. Kwa hesabu ya makaburi ana hoja na simbishii. Ila hiyo 156,000 ni ya barabarani peke yake, haijamgusa mke anayelala kwa jirani kila mwisho wa mwezi, haina mtoto aliyerudishwa shule ada imeishia kaunta, haina ngumi za bar wala huyo mhudumu aliyeshikwa kiuno. Kule Uingereza 2010 profesa David Nutt na wenzake walipima vilevi 20 kwa madhara kwa anayetumia na kwa wanaomzunguka, wakachapisha kwenye jarida la Lancet, pombe ikatoka ya kwanza kwa alama 72 kati ya 100, heroini 55, tumbaku 26. Na kilichoipaisha pombe ni hayo madhara kwa wengine. Ni Uingereza ile, sio Sinza, lakini sidhani kama sisi tunakunywa kistaarabu kuwazidi.

Mi msimamo wangu ni kwamba swali lenyewe linategemea huyo mwingine ni nani. Kwa mfanyakazi wa hii bar sigara ndo adui, polepole, kila zamu, na hata hatajua ni lini ilimpata. Kwa mteja na kwa yule mama wa chipsi ambaye hajawahi kukanyaga humo ndani, ni pombe, na kwa mbali sana, maana moshi unaishia getini ila mlevi anatoka nje na tani moja na nusu ya bati mkononi. Mi nimekuja na watoto, kwa hiyo kura yangu naipeleka kwa pombe. Shemeji asifurahi lakini, nyumbani kwake anavutia sebuleni na mtoto ana kikohozi hakiishi, tutaongea.

Mwenye bar kama unasoma, vitu vidogo tu. Toa lile kreti mlangoni, weka feni ya kutoa hewa nje, wahudumu wapokezane kile chumba asikae mmoja wiki nzima, au bora zaidi wavutaji watoke wakavutie uwani mbali na watu na chumba kifungwe. Mlinzi badala ya tochi mpe namba za madereva wa bajaji wawili watatu wa kuaminika, gari ilale hapo hapo mpaka asubuhi bure, parking si ipo? Na meneja apewe ruhusa ya kusema bosi leo imetosha. Mlivyoondoa viroba, zile pombe kali za pakiti, kaunta Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku hamkufa njaa, hamtakufa na hili.

Nyota zangu: mbuzi tano, wahudumu tano na wanastahili mshahara zaidi, moshi mbili, ulevi sifuri na nusu, hiyo nusu ni kwa vile walifagia vioo japo walichelewa. Nitarudi, ila mchana tu. Ukienda na familia kaa bustanini upande wa jiko la mkaa, sio karibu na kaunta, omba bili saa kumi na moja kabla spika kubwa hazijawashwa, na ukitaka paja piga simu mapema wakuwekee maana Jumapili linaisha saa nane mchana.