Programu ya hesabu ya Ulaya: stoo safi, kodi mpaka makao makuu

Hii ni kwa wenye maduka wanaotaka kununua programu ya hesabu ya Ulaya kupitia wakala wa hapa. Mimi ndiye ninayeshika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, na tumeitumia tangu kabla ya korona.

Kwa stoo, ni nzuri sana. Misumari tunainunua kwa katoni, tunaiuza kwa kilo, nusu, hata robo, na hesabu haipotei. Mbao zinaingia kwa vipande zinatoka kwa futi. Nikiandika jina la fundi, deni lake lote naliona, risiti kwa risiti.

Shida ni kodi. Aprili 2020 serikali iliposhusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, fundi aliyenunua mabati Machi akiyarudisha, programu ilimrudishia kodi kwa 14 badala ya 16 aliyolipa. Kijana wa wakala alikuja mbio, akatazama, akasema, "Mama, hapo siruhusiwi kugusa. Hiyo mpaka makao makuu." Tukangoja. eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilipokuja, tukangoja tena.

Nilimuuliza kwa nini wasiajiri waundaji huku. Wahandisi walioijenga, akasema, wanakaa pamoja huko kwao, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda programu, ndio mali ya kampuni, hawautoi ovyo. Na toleo ni moja kwa nchi zote. Namwelewa, lakini sikubaliani naye kwa yote: moyo wa programu ubaki kwao, sehemu ya kodi wapewe watu wa hapa.

M-Pesa nayo ilianzia kwa Vodafone ya Uingereza, na mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Lakini majaribio ya 2005 yalifanyika hapa Kenya. Yalikuwa ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na kazi hiyo ndiyo iliyozinduliwa Machi 2007. Jambo hilo lisingeonekana kutoka ofisini Uingereza.

Kabla hujalipa, muulize wakala: sheria ya kodi ikibadilika, nani anarekebisha na kwa siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Sisi tumelipia leseni tena kwa ajili ya stoo, na ankara za eTIMS bado naziingiza mara mbili.