Leza ya Madoa ya Uzee Usoni: Tathmini kwa Wenye Ngozi Nyeusi

Mashine tunayoiamini kwa kazi hii ni leza ya Nd:YAG ya Q-switch. Kila pigo lake ni nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache tu, kwa hiyo melanini ya doa, yaani chembe za rangi ya ngozi, hupasuka kabla joto halijasambaa pembeni. Saluni nyingi hukuuzia IPL kwa jina la leza. IPL ni taa yenye mwanga mchanganyiko na mapigo marefu zaidi. Kwa ngozi nyeupe hufanya kazi vizuri, ila kwa nyeusi hatuishauri. Melanini huunyonya mwanga huo hata pasipo na doa, ukaondoka na alama za kuungua za mstatili, umbo lilelile la kichwa cha mashine.

Nd:YAG hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya nanomita 532 hunyonywa sana na melanini, na doa la juujuu huweza kwisha kwa kikao kimoja hadi vitatu. Ya 1064 huzama ndani na kuisumbua kidogo melanini ya juu. Ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi, ingawa vikao huongezeka. Mhudumu asipojua anatumia ipi, nyanyuka uondoke.

Siku ya kwanza lijaribiwe doa moja la kando, karibu na sikio, kisha zipite wiki 4 hadi 6. Macho yafunikwe kwa ngao maalumu, kwani leza hii hupofusha. Pigo sahihi la 532 hulifanya doa liwe jeupe kama majivu papo hapo, na weupe huo hufifia ndani ya nusu saa. Ukiona damu au lengelenge, nguvu imezidi. Gamba jeusi litadondoka lenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Lipake Vaseline, usilibandue.

Tatizo kubwa huja baadaye: wiki kadhaa baadaye doa huweza kurudi jeusi kuliko lilivyokuwa, kwa sababu ngozi iliyojeruhiwa hutengeneza melanini zaidi. Huchukua miezi kufifia. Kinga yake ni kofia na krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, yenye rangi ya oksidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana huikoleza ngozi yetu.

Kabla ya yote hayo, mwone daktari wa ngozi. Vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni si madoa ya uzee, na vina tiba zake. Melasma, yaani mabaka mapana ya kahawia usoni, huweza kuchochewa na joto la leza. Weusi wa kibluu ulioletwa na mkorogo ni mgumu kuondoa, na sharti la kwanza ni kuacha mkorogo wenyewe. Doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, likatwe kipande kikapimwe kwanza: leza huweza kufuta rangi huku saratani ikibaki chini.

Kuhusu malipo, chagua anayetoza kwa doa. Mwenye madoa matatu hana sababu ya kulipia uso mzima.