Gemu za mtandaoni ukichezea Unguja au Pemba: ipi inasamehe mtandao, ipi haisamehi

Uzuri wa picha siku hizi si kigezo tena, gemu karibu zote zimependeza. Kwa sisi wa visiwani kinachotafautisha gemu moja na nyengine ni vile inavyokufanyia mtandao ukiyumba. Iko inayokusubiri, iko inayokukata pointi, na iko inayokuacha umesimama wima katikati ya uwanja huku watu wanakumiminia risasi. Kipimo changu ni hicho. Na maoni haya ni ya simu za kawaida, Tecno, Infinix na Samsung za A, si simu za milioni mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu ping, maana ndipo watu wanapojidanganya. Mtu anapima spidi, anaona Mbps 40, anafurahi, halafu anaingia kwenye gemu inaganda. Gemu haina haja ya spidi kubwa hivyo. Inataka ujumbe mdogo uende kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, na urudi haraka, na muda huo wa kwenda na kurudi ndio ping, unahesabiwa kwa milisekunde. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, uwe na laini ya kampuni yoyote. Dubai ipo karibu kilomita 3,900 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Singapore na London zote zimezidi 7,000. Na kebo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo anayekuambia anacheza seva ya Ulaya kwa ping ya 40 akiwa Chake Chake, muache aendelee na hadithi yake.

Muhimu kuliko udogo wa ping ni utulivu wake. Ping ya 130 isiyotikisika inachezeka, kwa sababu mkono unazoea kuwahi. Ping inayoruka kutoka 70 hadi 300 na kurudi haizoeleki na mtu yeyote.

Sasa PUBG Mobile, ambayo ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Kama gemu ya vita naiona bado ndiyo bora: silaha zina uzito wake, risasi inashuka ikienda mbali, na ukimya wa dakika kumi kabla ya kukutana na mtu ni sehemu ya raha yake. Lakini ramani ya Erangel ni kilomita 8 kwa 8, wachezaji 100, na mechi ikifika mwisho inakula karibu nusu saa. Nusu saa ya mtandao uliotulia ni kitu kikubwa kukiombea hapa, khasa mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe, pale mtaa mzima unapoingia mtandaoni kwa pamoja. Ushauri wangu ni ramani ya Livik: kilomita 2 kwa 2, wachezaji 52, robo saa umemaliza. Ukiwa na dakika chache tu, ingia ile ya wanne kwa wanne ya ghalani, ambapo timu ya kwanza kufikisha mauaji 40 inashinda. Humo ukifa unarudi, kwa hiyo hata mtandao ukikudondosha hukupoteza kitu.

Seva chagua ya Mashariki ya Kati, ndiyo ya karibu. Fikiri kabla ya kubofya, kwa sababu ukishahama seva unafungiwa siku 60 kabla ya kuhama tena. Kwenye mipangilio ya picha weka daraja la chini kabisa, Smooth, halafu kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwa sekunde, ipandishe hadi pale simu itakapokubali. Wengi wanafanya kinyume: wanaweka picha za kung'aa, fremu zinashuka, wanalaumu mtandao. Ukitaka kujua tatizo ni la nani, tazama namba ya ping pembeni ya kioo. Ikiwa ya kijani na picha bado inakatakata, basi simu ndiyo imechoka.

Na lile la "nimekufa nikiwa nyuma ya ukuta" si uchawi wala si mdukuzi kila mara. Kwenye kioo chako umeshajificha. Seva, ambayo ndiyo hakimu, bado haijapata habari zako, inakuona upo nje. Adui akipiga mahali hapo, risasi inahesabiwa. Dawa yake ni kuacha tabia ya kuchungulia na kurudi haraka. Ukiwa na ping ya juu chungulia mara moja, piga, kisha hama kabisa.

Free Fire, nayo ya vita, ni nyepesi, wachezaji 50, mechi kama dakika kumi, na simu ya RAM ya GB 2 inaibeba. Kwa skuli na mitaani ndiyo inayotawala kwa sababu hiyo. Mimi naiona inasaidia kulenga kupita kiasi, lakini kwa mtandao wetu msaada huo ni neema. Udhaifu wake mkubwa kwetu ni ule ukuta wa barafu unaoutupa mbele yako kujikinga: gemu nzima ya wachezaji wazuri inategemea kuutupa kwa wakati, na ukibofya kwa ping ya 200 ukuta unasimama wakati wewe umeshauawa. Njia pekee ni kuutupa kabla hujapigwa, unapovuka uwazi, si baada ya kusikia risasi. Call of Duty: Mobile inakaa katikati ya hizo mbili. Mechi zake za watano kwa watano ni fupi na tamu, ila inakula nafasi ya simu bila huruma. Pakua ramani unazozicheza tu, nyengine ziache.

Mobile Legends sikupendekezei kabisa kama mtandao wako ni wa kubahatisha. Mko watano, mmoja akianguka wanne wanaumia, na mfumo wake hauna habari kwamba umeme umekatika mtaani kwenu: umeondoka, alama zako za nidhamu zinakatwa, zikishuka sana unafungiwa mechi za ranki, zile za kupanda daraja. Gemu yenyewe nzuri. Kosa ni kuichezea Micheweni kwa vijiti viwili vya 4G.

Mpira ndipo maneno yanapokuwa mengi, maana kila baraza ina bingwa wake. eFootball ya Konami, ile iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ndiyo yenye mpira unaofanana na mpira. Mechi ya simu ni dakika sita hivi, bando inayokula mechi yenyewe ni ndogo. Tabu ni kwamba mechi ya wawili inategemea mitandao yote miwili. Wewe unaweza kuwa na faiba safi, mwenzako yupo ndani ya daladala, mkaumia nyote. Angalia vile vijiti vya mtandao kabla ya kuanza. Mechi ikianza kwa kuchelewa, usibadilishe vifungo wala usikasirike, badilisha uchezaji: pasi za mguuni badala ya pasi za kupenya, na kwenye kukaba usimkimbilie mwenye mpira na beki wako. Rudisha beki nyuma, funga njia ya pasi, muachie kiungo akabe. Kwa kuchelewa kwa robo sekunde, beki unayemkimbiza atafika pale mpira ulipokuwa, na nyuma yake kumebaki shamba tupu.

Kuhusu kuvuta wachezaji wa eFootball, yaani kulipa koini upate mchezaji kwa bahati kutoka kwenye boksi, nasema wazi. Boksi la kawaida lina wachezaji 150, epiki, wale adimu, ni watatu. Mvuto mmoja koini 100, kumi kwa 900. Mvuto wa mwanzo una bahati ya asilimia 2 tu ya kukupa epiki, na ukitaka uhakika wa kulimaliza boksi zima ni koini 13,500. Kuna wanaoita kamari moja kwa moja, na mimi sina hoja ya kuwapinga. Koini za bure zinazotoka kwenye kazi za kila wiki zinatosha kuvuta kidogo kidogo, na mchezaji wa kawaida aliyekuzwa vizuri anamfunga epiki aliye mikononi mwa mvivu.

EA Sports FC Mobile, zamani FIFA Mobile, kwa mpira wa moja kwa moja siipendi kama eFootball, mchezaji anahisi mwepesi mno. Lakini ina kitu kimoja wenzake hawana: VS Attack. Humo hamkabani, kila mmoja anapewa nafasi zake za kushambulia, mwenye mabao mengi anashinda. Kwa kuwa mguu wa mwenzako hausubiriwi kwenye kila pasi, mtandao ukisita kidogo huoni tafauti. Kwa aliye Wete na mtandao wa kuvizia, hii ndiyo njia ya kucheza mpira mtandaoni bila presha. Dream League Soccer nayo inacheza bila mtandao kabisa ukitaka, kwa hiyo ni ya safari ya boti, pale katikati ya maji ambapo laini zote zinapotea.

Tukija kwenye michezo ya zamu, hapo ndipo visiwani tunapocheza sawa na dunia nzima. Carrom Pool ni keram yetu ndani ya simu: kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na ile nyekundu, ambayo ukiipata lazima uifunike kwa kuingiza kete yako baada yake. Kila mtu anapiga zamu yake, hivyo ping ya 300 haina uzito. Mtu aliyelelewa kwenye ubao wa kweli atakereka na ule mstari unaoonyesha kete itaelekea wapi; umeua nusu ya ufundi. Tena kete za kupigia zinauzwa zenye nguvu na mstari mrefu zaidi, kwa hiyo mwenye pesa anaona mbali kuliko wewe. Cheza meza za dau dogo, usiweke koini zako zote kwenye meza moja.

Kwa sataranji sina mjadala: Lichess. Bure yote, haina tangazo hata moja, uchambuzi wa kompyuta baada ya mechi ni bure, na inakula data kidogo sana. Hata muda mdogo unaopotea njiani inajaribu kukufidia kwenye saa yako. Ila usicheze dakika moja wala tatu kwa mtandao wa simu. Weka dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua, au 15 na 10. Ukikatika, saa inaendelea, na ukichelewa sana kurudi mpinzani anaweza kudai ushindi. Mtandao ukiwa mbovu kabisa, cheza ile ya siku kadhaa kwa hatua moja. Zile siku za Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikabaki inahema, mchezo wa aina hii ndio uliokuwa na maana.

Jengo unalochezea nalo lina neno lake. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli; 4G inafia mlangoni, simu inaanza kurukaruka baina ya 4G na 3G, na kila ikiruka ping inapaa. Maghorofa ya Michenzani nayo ni zege. Usikae ndani kabisa ukailaumu gemu. Weka MiFi, kile kifaa kidogo cha laini kinachotoa Wi-Fi, dirishani, upande wa nje, na simu iungane nayo kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz, ambayo hupita ukuta vizuri kuliko ile ya 5. MiFi inakuondolea balaa jengine pia: simu nyingi zisizopiga kupitia 4G zikipokea simu hushuka 3G au 2G na data inakuwa nzito au inasimama kabisa, hata kama aliyepiga amepiga laini ya pili. Mama akipiga kuuliza mkate umenunua, wewe umeshakufa.

Joto la kaskazi pia usilidharau. Simu ikicheza huku inachaji inapata moto, processa inajipunguza yenyewe, fremu zinashuka. Chaji kwanza, vua kava, cheza penye upepo.

Bando hailiwi na mechi, inaliwa na masasisho. Fungua Play Store, bofya picha ya akaunti, Mipangilio, Mapendeleo ya mtandao, kisha weka programu zisasishwe kwa Wi-Fi tu; kama Wi-Fi yako ni ya MiFi, zima kabisa kujisasisha, maana nayo inakula bando. Yale makubwa yasubirie bando la usiku. Ukinunua UC au almasi, yaani pesa za ndani ya PUBG na Free Fire, kwa wakala, anachohitaji ni namba yako ya mchezaji peke yake. Akikuomba nywila, huyo anataka akaunti. Na kama bado unacheza Free Fire kwa akaunti ya mgeni, iunganishe na Google leo, maana simu ikifa, skini na ranki zinakwenda nayo.